Ufipa Iko Mstari wa Tatu

Swali la Wangoni halijawahi kumkosa mtu. Aliyepita kidato cha nne katika nchi hii amekutana nalo mahali fulani, kama si kwenye mtihani wa taifa basi kwenye majaribio ya mkoa, kama si huko basi kwenye jaribio la mada: eleza sababu sita za Wangoni kuhama Afrika Kusini, au eleza athari sita za kuja kwao Afrika Mashariki. Mwenye kubukua anazo pointi zake. Kazifunga kwa kifupisho cha herufi za mwanzo, na siku ya siku anazimwaga kama mtu anayemwaga mahindi kwenye turubai. Shaka na majeshi yake. Mfekane. Ardhi kuwa finyu. Halafu anaingia kwenye safari yenyewe: Zwangendaba akavuka mto Zambezi Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa, akapanda na watu wake kuelekea kaskazini, akafika uwanda wa juu wa Ufipa na kufia huko katikati ya miaka ya 1840. Mstari unaofuata tayari tuko Songea, na huko Songea ndiko mifano yote inakotoka mpaka insha inakwisha.

Sasa basi, ndugu msomaji, turudi nyuma mstari mmoja.

Kate ni kata ya wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, juu ya uwanda huo huo. Magharibi ardhi inaporomoka kwenda Ziwa Tanganyika, mashariki inaporomoka kwenda Ziwa Rukwa, na katikati ni nyasi, upepo, mahindi, maharage na ulezi. Mwezi wa Juni baridi yake si ya mchezo. Likizo moja ya Juni nilikuwa huko nikiwasaidia vijana wa fomu foo kujiandaa. Tulikuwa tunaupitia huo mstari wa tatu, wenyewe kwa Kiingereza, mmoja anasoma wenzake wanaitikia, mpaka kijana mmoja akanyoosha mkono. "Kaka, samahani. Hii Ufipa ya kwenye desa ndiyo hii hii yetu?"

Wenzake wakaangua kicheko. Lakini nilipowatazama vizuri nikaona kwamba hata waliocheka walikuwa wananitazama usoni, wanasubiri jibu.

Nikasema ndiyo, ni hii hii. Vitabu vinapataja mahali alipofia kwa jina la Mapupo, hapa hapa Ufipa. Kwa nini basi mtoto aliyezaliwa Ufipa alisome neno "Ufipa" kama anavyosoma "Zululand", yaani kama nchi ya kwenye karatasi? Sikubali kwamba kijana yule ni mvivu. Jibu liko kwenye historia ya mtihani wenyewe, ambayo ni historia kama historia nyingine, ina tarehe zake, mabwana zake na hasara zake.

Kwa wale ambao shule wameiacha siku nyingi: desa ni zile karatasi za maswali na majibu. Zamani zilirudufiwa kwa stensili, zikaja fotokopi, siku hizi zinaingia kwa WhatsApp na mwenye simu anawasomea wasio nayo. Desa halina mwandishi. Linatoka Dar, linapita Mbeya, linapanda Sumbawanga, na kila linapopita mtu mmoja analipunguza kidogo ili lienee kwenye kurasa mbili. Kinachopunguzwa kwanza siku zote ni mahali. Sababu zinabaki, athari zinabaki, namba ya pointi inabaki. Majina ya vijiji, milima na watu wa kawaida yanakatwa. Ukitaka kuelewa historia yetu ya shule, usianze na mtaala. Anza na hicho kilichokatwa.

Enzi za Mwingereza mtihani wa mwisho wa sekondari ulitungwa Cambridge, na karatasi za majibu zilipanda meli kwenda kusahihishwa hukohuko. Waliofika kuufanya walikuwa wachache sana, maana chujio lilianza mapema: darasa la nne, darasa la nane, darasa la kumi, kila hatua watu wanamwagika. Historia iliyoulizwa ilikuwa ya himaya. Kijana wa Tabora au wa Pugu alijiandaa kwa kuwajua wafalme na mawaziri wa Uingereza, na mwalimu mzuri alikuwa yule aliyeweza kubashiri wazungu wa Cambridge mwaka huu watauliza nini. Tabia ile ya kubashiri haikuondoka na bendera.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika kweli, tusidanganyane. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 kilikuwa na wanahistoria waliokwenda vijijini kuwauliza wazee. Mwaka 1968 kikatoka kitabu cha Kiingereza cha historia za sehemu saba za Tanzania kabla ya 1900, kikihaririwa na Andrew Roberts, na Ufipa ilipata sura yake humo, imeandikwa na Roy Willis aliyekuwa ameishi na Wafipa. Mwaka uliofuata Isaria Kimambo na A. J. Temu wakatoa historia ya Tanzania nzima. Yaani Ufipa ilikuwepo wakati historia mpya inajengwa. Haikusahauliwa na wajenzi.

Upande wa mtihani nao, mwaka 1967 nchi tatu zilikuwa na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa mwaka 1971, na sheria namba 21 ya 1973 ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania, hilo tunaloliita Nekta. Mwaka huo huo wa 1967, mwezi Machi, Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa Elimu ya Kujitegemea, na ndani yake anaulalamikia waziwazi mtihani unaopima kukumbuka mambo na kuyatema kwa saa iliyopangwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likafuata, na maendeleo ya mwanafunzi darasani na tabia yake kazini vikaanza kuhesabiwa. Somo la Siasa likawa na nguvu. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 Siasa ikafifia, ikaja Uraia. Masomo ya jamii yamebadilishwa majina na vitabu mara nyingi kuliko hisabati itakavyowahi kubadilishwa, na hilo linaeleweka, maana hakuna serikali inayogombana na pembetatu.

Lakini mtihani ule wa mwisho, wa saa tatu, haukuguswa moyoni. Walioujia walizidi kuongezeka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza mwaka 2004, shule za kata zikaota kila mahali, na watoto ambao wazazi wao waliishia la saba wakaingia fomu wani. Ni jambo jema, nitalitetea mbele ya yeyote. Ila walimu hawakuota kwa kasi ile ile, wala vitabu. Pengo hilo likajazwa na desa. Halafu Februari 2013 yakatangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012: karibu asilimia 60 ya watahiniwa walipata ziro, watu zaidi ya 240,000. Nchi ikashika kichwa. Ikaundwa tume, na Mei mwaka ule matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Watu walibishana kuhusu viwango vya madaraja, kuhusu nani ajiuzulu. Waliojiuliza vijana wale waliandika nini hasa kwenye karatasi walikuwa wachache zaidi.

Mimi ninavyodhani, wengi waliandika desa lililokatika. Ukibukua kitu ambacho hakina mahali, kikipotea neno moja kimepotea chote. Mtoto wa Kate anaongea Kifipa nyumbani, amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na insha ya historia anaiandika kwa Kiingereza. Kumbukumbu yake inavuka mito miwili kabla ya kufika kwenye karatasi. Inahitaji kamba. Na kamba iko hapo nje ya dirisha, ila hakuna aliyemwambia aishike.

Chukua mada ya chuma. Hii inaanzia fomu wani na inamfuata mwanafunzi mpaka anamaliza: faida za ugunduzi wa chuma, viwanda vya jadi kabla ya ukoloni, kuzuka kwa dola. Mifano ya kwenye desa unaijua: Meroe, Wavenda, Wahaya. Wafipa wakitajwa, ni neno moja ndani ya orodha, katikati ya mikato miwili. Wakati huo huo Nkasi ni mojawapo ya sehemu za Afrika Mashariki zenye mabaki mengi ya tanuri za kuyeyushia chuma. Wafipa waliziita malungu. Ni minara ya udongo, inayopita kimo cha mtu mrefu, mingine hufika kama mita tatu. Chini ina matundu kuzunguka pande zote. Na ajabu yake ni hii: haikuvukutwa. Hakuna mtu aliyekaa na mivukuto akihema. Mnara wenyewe ulivuta hewa kwa urefu wake, kama dohani inavyovuta moshi, na moto ukala makaa na mawe ya chuma kwa siku kadhaa bila mkono wa mtu. Kilichopatikana kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuri ndogo, na hapo sasa ndipo mivukuto ilipofanya kazi. Kisha mhunzi akafua jembe.

Tanuri ilipojengwa ilipambwa na kuimbiwa kama bibi harusi. Fundi mkuu alikuwa na kapu lake la dawa, na wafanyakazi walijitenga na wake zao mpaka kazi iishe, maana mwenye kumwoa bibi yule hawezi kuwa na mwingine. Kijana wa leo atacheka, acheke. Lakini ukiulizwa uhusiano wa uzalishaji na imani katika jamii za kale, umeshapata aya nzima hapo, tena aya ambayo msahihishaji hajaisoma mara 400 tangu asubuhi.

Wala haya si maneno ya kilabuni. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia wetu wa Kitanzania, alizitafiti tanuri za huku kusini magharibi na kuziandikia tasnifu ya udaktari mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Florida. Alionyesha kwamba kabla ya malungu ilikuwepo teknolojia nyingine ya tanuri fupi zaidi, inayoitwa katukutu. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba Mwafrika alikaa na ufundi mmoja usiobadilika mpaka mgeni alipomletea mwingine, mfano wa kupinga unao, na uko karibu kuliko Meroe. Kilichoua malungu nacho kinafahamika: majembe ya dukani kutoka Ulaya, na uchumi wa kikoloni uliotaka nguvu za vijana kwingine, kwenye dhahabu ya Lupa na kwenye mkonge. Kufikia katikati ya karne ya 20 moto ulikuwa umezimika. Swali la athari za ukoloni kwa viwanda vya jadi limejibiwa hapo hapo, na mfano una mwanzo, kati na mwisho.

Kutoka kwenye chuma unaingia kwenye dola bila kubadilisha gari. Masimulizi ya Kifipa yanasema utawala wa kwanza ulikuwa wa Milansi, kijiji cha watu wa chuma. Mtawala wa Milansi akiwa hayupo nyumbani wakafika wanawake wageni, Watwaci, na mkubwa wao akakalia kiti cha enzi. Bwana aliporudi alikuta kiti kimekaliwa. Hakupigana. Utawala wa nchi ukawa wa wageni, yeye akabaki na Milansi yake na heshima yake ya kale. Baadaye ukoo ule wa Kitwaci uligawanyika, zikawa dola mbili, Nkansi na Lyangalile, kila moja na mwene wake. Jina la wilaya ya Nkasi linatoka huko. Wanahistoria wanabishana kama kisa cha kiti ni tukio au ni namna ya kueleza jinsi watu wawili walivyokubali kuishi pamoja; na ubishi huo ndio mada ya kwanza kabisa ya fomu wani, ile ya vyanzo vya historia: masimulizi ya mdomo, nguvu zake na udhaifu wake. Desa linatoa nguvu nne na udhaifu nne, bila kisa hata kimoja!

Nguo nitazipita haraka. Wafipa walifuma pamba, na wasafiri wa karne ya 19 waliziona nguo zao. Chumvi ya Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, ilichimbwa tangu kama karne ya 13, na Ivuna iko kwenye vitabu vya akiolojia kando ya Uvinza. Kilimo pia: uwanda hauna miti mingi, kwa hiyo Mfipa alizika nyasi chini ya tuta la duara zioze ziwe mbolea, mwaka wa pili akalifumua na kupanda. Wamatengo na mashimo yao ya ngoro wanasifiwa vitabuni, na wanastahili. Tuta la Mfipa linasubiri mtu wa kuliandika.

Mada ya kuja kwa ukoloni ndiyo inayonichekesha zaidi, kwa sababu Mkutano wa Berlin una jengo lake hapa jirani. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikuwa Rukwa mpaka mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012. Mwaka 1879 watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walijenga kituo pale, wakijiita chama cha kimataifa cha uvumbuzi na ustaarabu. Wakubwa walipokaa Berlin na kugawana, Leopold akapata Kongo, na upande huu wa ziwa ukawa si wake tena. Mwaka 1885 Karema ikakabidhiwa Mapadri Weupe. Mkutano uliofanyika Ulaya ukahamisha funguo za ngome moja ya matofali. Kutoka ziwani wamisionari wakapanda uwandani, na Kate yenyewe ni moja ya misheni zao za zamani. Kwa hiyo mtahiniwa wa Kate akiulizwa nafasi ya wamisionari katika kuja kwa ukoloni, hana haja ya kumkimbilia Livingstone peke yake. Aanze na kanisa analosali, au analolipita kila asubuhi. Na asiandike sifa tupu wala lawama tupu, maana misheni hizo hizo ndizo zilizoleta shule na dawa, na hizo hizo ndizo zilizowaambia wazee wake kwamba mizimu yao ni ya shetani. Swali linaposema "jadili", linataka pande zote mbili.

Vita Kuu ya Kwanza hivyo hivyo. Kasanga, bandari ndogo kusini mwa ziwa, Wajerumani waliiita Bismarckburg. Waingereza waliotoka Rhodesia ya Kaskazini waliiteka Juni 1916. Meli ya Liemba, ambayo babu zetu wameipanda na magunia yao ya dagaa, ni meli ya vita ya Kijerumani iliyozamishwa mwaka 1916 na Wajerumani wenyewe, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Na vita vilipokwisha Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck alikuwa bado porini. Alisalimisha silaha tarehe 25 mjini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Zambia. Wiki mbili nzima dunia imepumzika, huku kwetu wapagazi bado wanabeba mizigo ya vita.

Halafu Wangoni, tuliowaacha wakiwa kwenye msiba. Zwangendaba alipokufa Ufipa, ndipo hasa swali la athari linapoanza, kwa sababu kifo kile ndicho kilichowagawa. Kundi la Watuta likaenda kaskazini mpaka Unyamwezini. Zulu Gama akawaongoza wengine kusini mashariki mpaka Songea. Mpezeni akaishia upande wa Chipata, Zambia. Mbelwa akaishia Mzimba, Malawi. Shika ramani uone: safari zote nne zinaanzia uwanda mmoja. Desa linamfanya mtoto akariri makundi manne kama majina manne. Ukisimama Kate ukanyoosha mkono pande zile nne, hutayasahau hata ukiamshwa usiku wa manane.

Najua mtakachosema, hasa nyie wa mjini mlioshatoboa. Msahihishaji hajui malungu. Atakata. Marking skimu imeandika Wahaya, basi andika Wahaya uvune maksi zako, historia ya kijiji utaisoma ukishapata kazi. Hoja hii si ya kijinga, wala siwezi kumtuma mtoto wa mtu akafe na mfano wake wa kishujaa. Lakini soma swali lenyewe. Linadai hoja, na linadai mifano dhahiri. Halisemi mifano ya nani. Anayekosa maksi ni yule anayetaja jina na kukimbia. "Kwa mfano Wafipa." Nukta. Hapo hata Wahaya wasingemsaidia. Andika nani, wapi, lini, alifanyaje, na hilo linathibitisha vipi hoja uliyotaja juu. Sentensi tatu fupi, Kiingereza chepesi. Kama bado una hofu, weka na mfano mmoja wa vitabuni pembeni kama mlinzi. Msahihishaji naye ni mwalimu wa historia. Baada ya insha 50 zinazofanana kama matofali ya kiwanda kimoja, akikutana na tanuri inayovuta hewa yenyewe ataamka.

Na majaribio ya mada ndiyo mahali pa kujifunza hilo, siyo Novemba. Jaribio la mada ni dogo, maswali matatu au manne, anayesahihisha ni mwalimu wako unayeweza kumfuata na daftari. Pale Kate tulifanya hivi: kwa kila mada, kila mmoja alitakiwa kuleta mfano mmoja aliousikia kwa mtu wa nyumbani au aliouona kwa macho, kisha kundi linamhoji mpaka mfano unasimama. Mmoja alileta habari ya babu aliyekwenda Lupa. Mwingine alileta kipande cha bomba la udongo kutoka shambani kwao, lile linaloingizwa kwenye tundu la tanuri, bibi yake alikuwa analitumia kuzuia mlango wa banda la kuku. Tulibishana sana kama ni la malungu au la katukutu. Hakuna aliyesinzia siku hiyo, na baridi ile.

Kwa mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024, limeingia somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Mto mmoja umepungua kati ya kumbukumbu na karatasi, na mimi nimefurahi. Ila somo jipya litazaa desa jipya, hilo halina ubishi, na huenda linarudufiwa sasa hivi mahali fulani wakati unasoma hapa. Nani analiandika? Ninyi mnaotuma mashairi na hadithi kwenye kurasa hizi mnalalamika kila toleo kwamba hamna cha kuandika isipokuwa mapenzi na daladala. Kurasa mbili kuhusu kata yako, zenye tarehe na majina sahihi, zinazoeleweka na mtoto wa fomu tuu, ni kazi ngumu kuliko sonneti, nawahakikishia, na zitasomwa na watu wengi zaidi.

Malungu mengine yanabomoka. Ng'ombe wanajikuna hapo, majembe yanakula pembezoni, na watu huchukua udongo ule wa kuungua kwa ajili ya sakafu, kwa kuwa ni mgumu. Kwa walioko Rukwa, swali la kujaribu wiki hii ni hili, dakika 40, bila desa: "Kwa kutumia mifano kutoka uwanda wa Ufipa, jadili hoja kwamba ukoloni uliua viwanda vya Afrika." Mkimaliza, mchore ramani ya Afrika Mashariki na kusini yake, muonyeshe Zambezi, Ufipa, Songea, Chipata na Mzimba, na mishale ya safari za Wangoni. Insha iandikwe kwa wino wa bluu au mweusi. Ramani ichorwe kwa penseli.